Ajitwike Msalaba, Asijichagulie Kiboko

Mhariri, swali lenu la juma hili, "Je, kuutesa mwili ni ibada, au ni kumkosea Mungu aliyeuumba?", linastahili jibu la taratibu, kwa maana wengi huwacheka watakatifu wa kale au huwasifu bila kuwapima. Mimi naamini kwamba kujinyima huwa ibada pale tu anayejinyima anapokuwa tayari kuambiwa na mwenzake, "Sasa basi, acha," naye akaacha. Asiyeambilika amekwisha kuufanya mfungo wake kuwa mungu wake.

Mtazameni Simeoni wa Siria, aliyefariki mwaka 459. Kabla hajapanda nguzo yake maarufu alikuwa mtawa wa kawaida, na Askofu Theodoreto, aliyemfahamu, anasimulia kwamba alijifunga kiunoni kamba ngumu ya ukindu juu ya ngozi tupu, ikamla nyama hadi damu ikaonekana. Wakuu wake waliifungua kwa taabu, na hatimaye wakamtaka aondoke monasterini, wakihofia kwamba wenye miili dhaifu wangemwiga wakaumia. Baadaye akaishi juu ya nguzo kwa zaidi ya miaka 30. Inasimuliwa kwamba mababa wa jangwani, yaani watawa wazee walioishi upweke jangwani, wakiwa na mashaka na jambo hilo geni, walituma mjumbe amwamuru ashuke: akikataa, ashushwe kwa nguvu, akitii, aachwe. Simeoni akanyosha mguu ili ashuke, nao wakamwacha abaki. Kwangu mimi, mguu ule ulionyoshwa una uzito kuliko miaka yote aliyosimama juani.

Kinyume chake ni mzee Heroni, mtawa ambaye habari zake ziliandikwa na Yohane Kasiano, mtawa mwenzake na mwandishi wa kale. Alikaa jangwani miaka 50, akafunga kwa ukali kiasi cha kukataa kula pamoja na ndugu zake hata siku ya Pasaka, maana alijiona amekwisha kuwapita. Siku moja akajitupa kisimani, akiwa na hakika kwamba kwa ustahili wake hatadhurika. Ndugu zake wakamtoa akiwa mahututi, akafa siku ya tatu. Ndiyo maana Benedikto, alipoandika kanuni yake ya maisha ya watawa katika karne ya 6, alimruhusu kila mtawa aongeze kitu chake wakati wa Kwaresima, lakini kwanza amweleze abati, mkuu wa monasteri, kwani kinachofanywa bila idhini kitahesabiwa kuwa majivuno.

Wapo pia waliojichapa mijeledi hadharani wakati wa tauni kuu ya Ulaya, wakienda mji hadi mji, na Papa Klementi wa Sita akawakataza mwaka 1349. Damu yao ilikuwa ya kweli, lakini waliwadharau mapadre, na chuki dhidi ya Wayahudi ikafuatana nao.

Najua nitaulizwa juu ya Katerina wa Siena, mtakatifu wa Italia aliyejinyima chakula hadi akashindwa kula, na kwa haki, kwa sababu kipimo changu hakimtoshi vizuri. Aliamriwa ale, akajaribu, akatapika. Yeye mwenyewe aliandika kwamba anamwomba Mungu amjalie kula kama watu wengine. Alikufa mwaka 1380 akiwa na miaka 33. Siwezi kuiita njaa yake ukaidi, na wala sithubutu kuiweka mbele ya msichana yeyote kama mfano wa kuigwa. Namheshimu kwa jinsi alivyowahudumia wagonjwa, na kwa njaa yake namhurumia.

Mtume Paulo alisema anautesa mwili wake na kuutumikisha, lakini ni yeye pia aliyewaonya Wakolosai kwamba ukali juu ya mwili una sura ya hekima na haufai kitu kuzuia tamaa. Viboko na kufungwa gerezani vilimpata akiwa katika kazi ya Injili, hakuvitafuta. Fransisko wa Asizi, aliyekuwa mkali mno kwa mwili wake, aliposikia usiku ndugu mmoja akilia kwamba anakufa njaa, aliamuru meza iandaliwe, akaketi akala pamoja naye ili yule asione haya.

Ninachokiogopa leo ni mfungo unaohubiriwa kwa mgonjwa wa kisukari au mwenye kifua kikuu, akaambiwa kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani. Kanuni za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zinawadai mfungo wenye miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, na siku zenyewe ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Tangu kale, mgonjwa amesamehewa. Mhubiri anayemnyima mgonjwa dawa anamtwika mzigo ambao Kanisa halikuthubutu kumtwika, na mgonjwa huyo ana haki ya kukataa, akala, akameza dawa zake, na kusali kwa amani.