Kanga Iliyonunuliwa Bila Kusomwa

Wiki hii mmeuliza: "Je, waandishi wetu wanaona haya kuandika mapenzi?" Haya hawana hata chembe! Ukurasa wa kwanza macho yamegongana, wa tatu "siwezi kuishi bila wewe", wa tano wako chumbani. Ila wapenzi wenyewe hawana shughuli yoyote, basi wanashinda wakisifiana.

Iko hadithi moja ya gazetini, ya mfululizo, ambamo kijana anampelekea binti kanga. Mwandishi kaimaliza kwa mstari mmoja: kampa kanga nzuri, kafurahi, wamekumbatiana. Kanga gani? Jina lake nini? Nani pwani anayenunua kanga kwa rangi tu? Doti ni vipande viwili vilivyoungana, havijakatwa wala kupindwa, kila kimoja na pindo lake, mji wake wa katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, kwa chini. Hapo pana sura nzima. Kijana asimame dukani, aone haya kumwomba muuzaji amkunjulie ya tano, anyakue moja bila kuisoma. Binti aikunjue: "Nani kama mama." Akicheka mbele yake, tumemjua kidogo. Akinyamaza, akachukua mkasi, akaikata ile doti, kipande kimoja akampelekea mama yake, "Mama, kakuletea," tumemjua sana. Kamsitiri kijana wa watu, na kamwingiza nyumbani kabla ya mshenga.

Mwandishi akishafika hapo aweke kalamu chini. Akiongeza "ndipo alipotambua kuwa anampenda", kaiua. Na kosa la kijana lisizidi hilo moja. Akikosea jina, akasahau pesa na kujikwaa mlangoni, tumeshahamia kwenye vichekesho.

Nilikusudia kusema kwamba neno "nakupenda" na maneno yote ya ukoo wake yafutwe. Lakini hiyo kanga inanisuta: nayo ni maneno matamu ya dukani! Watu wetu tangu hapo hupendana kwa maneno ya kuazima, ya taarabu, ya kanga, ya barua zenye salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Kwa hiyo "siwezi kuishi bila wewe" naiachia, mara moja tu, na isemwe na yule asiyejua kusema, tena aikosee kidogo. Ukurasa wa tatu bado ni mapema, labda kama walikuwa wameachana zamani. Ya chumbani waulizeni wengine.