Muulize Dereva Mstaafu: Kusini njiani kuna nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Tunakuja harusini Mtwara na gari letu dogo, mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka tisa na kumi na miwili. Mume wangu anataka tutoke Dar es Salaam alfajiri, jioni tuwe tumeshaingia, maana anasema njia nzima ni vichaka tu. Mimi nina siku tatu mkononi. Kuna cha kusimama kutazama?
Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeendesha lori njia hiyo miaka ishirini na mbili, na nakuomba uzitumie siku zako zote tatu.

Mkifika Rufiji, msilipite daraja la Mkapa kama kalavati. Lina urefu wa karibu kilomita nzima, na lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo tulikuwa tunapanga foleni Ndundu kusubiri pantoni. Masika moja nililala pale usiku sita na shehena ya sukari. Usiku viboko wananguruma, mchana unatazama maji yanavyopanda. Unga uliponiishia, mama mmoja wa kijijini aliniletea muhogo na samaki kwenye kikapu, akakataa hela. Hadi leo nikivuka pale napunguza mwendo. Wasimulieni watoto kabla hamjavuka.

Mbele kuna Mohoro. Hapo Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, yule mganga aliyewahamasisha watu kupigana nao, tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Majimaji ndiyo kwanza vimeanza kwenye vilima vya Umatumbi. Zimeni redio mkipita.

Nangurukuru kateni kushoto, mkalale Kilwa Masoko. Njiani ingieni Kivinje mkaone mnara wa Mwembe Kinyonga, walipokuwa wakinyongewa wazee wetu. Asubuhi chukueni kibali kwanza, ndipo mpande boti kwenda Kilwa Kisiwani. Ule msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa huyo wa miaka kumi na miwili ataviona kitabuni tu mpaka lini? Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika hapo 1331.

Lindi ndiko nataka mkae. Kama kilomita 60 kutoka mjini, porini, kuna kilima cha Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, na mmoja amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Wafundisheni watoto jina hilo. Mizigo ilibebwa vichwani na mabegani, siku kadhaa za kutembea, mpaka bandarini Lindi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa wapagazi. Alisema aliambiwa ni mawe, ila jiwe lake lilikuwa na matundu madogomadogo kama mfupa wa mchuzi, akawa analipapasa kila wakipumzika.

Huko Tendaguru kwenyewe msiende na gari dogo, wala bila mwenyeji. Teremkeni ufukweni Lindi jioni, muwaonyeshe watoto bahari ilikopitia mifupa ile. Mimi wajukuu zangu niliwapeleka hapo hapo, na yule mdogo aliuliza itarudi lini. Sikuwa na la kumjibu, na swali lake bado ninalo moyoni.

Siku ya tatu mkifika Mnazi Mmoja, njia ya kulia inakwenda Masasi, msiishike. Nyie nyoosheni Mikindani, kwetu. Tembeeni kwa miguu kwenye vichochoro, muone milango ya kuchonga na boma la 1895. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866.

Korosho za harusini nunueni kwa kina mama wanaobangua wenyewe nyumbani. Zitakuwa na madoa meusi ya moto. Onja moja kwanza: ikivunjika kavu kwa sauti, chukua kilo mbili.