Maswali na Majibu: Tarantula wa Shimoni

Nimempata buibui tarantula mkubwa wa kahawia, yule wa bara. Wiki ya tatu sasa yumo shimoni, simuoni. Nimchimbue? (Bububu)

Usimchimbue! Swali hili haliishi, na jibu ni lile lile. Pelinobius muticus, wa nyika za Kenya na Tanzania Bara, hukaa shimoni takriban umri wake wote, na jike huweza kupita miaka 20. Akiziba mlango kwa utando na udongo, mara nyingi anajivua ganda. Wakati huo mwili ni laini, ukimbomolea utampasua. Mtoe mende wa chakula aliyesalia ndani, maana mende humtafuna, na kibakuli cha maji kisikauke. Akifungua mwenyewe, subiri wiki mbili ndipo umlishe. Akishajivua, meno huanza meupe, huwa mekundu, kisha meusi. Yakiwa bado meupe hawezi kuua hata panzi.

Nimemwekea mchanga wa ufukweni, kila akichimba unaporomoka. (Nungwi)

Una chumvi na haushikani. Chukua udongo wa kinongo usiotiwa mbolea wala dawa, sehemu tatu, na vumbi la makumbi sehemu moja. Tia maji mpaka ukiufinya ushikane bila kuchuruzika. Jaza na kushindilia tabaka kwa tabaka hadi kina cha sentimita 30, halafu toboa tundu la mshazari kwa mpini wa mwiko, aanzie hapo. Kutoka udongo hadi kifuniko pasizidi sentimita 15, kwani akianguka kutoka juu tumbo hupasuka. Matundu ya hewa yawe pande mbili. Unyevu wa masika ukifungiwa huota ukungu. Taa ya joto Unguja haina kazi.

Anauma? (Wete)

Sana. Akinyanyua miguu ya mbele na kukwaruza kwa sauti, rudisha mkono. Asishikwe, na watoto wasimkaribie.

Tulipuliziwa dawa ya mbu, sasa miguu imejikunja chini ya mwili. Anajivua? (Chake Chake)

Hapana, anakufa. Anayejivua hulala chali, miguu imetanuka. Dawa ya mbu, ya kupuliza au ya kuchoma, humuua buibui pia. Nyumba ipulizwe, malaria si mchezo. Wa kuhamishwa mapema ni yeye. Wala usimlishe mende wa jikoni mwenye dawa.

Nimemchoka. Nikamwachie msitu wa Jozani?

Hata kidogo. Kwao ni bara. Mpe mtu anayejua kumfuga. Na wanaowavusha kwa boti bila kibali waache: jike aliyechimbuliwa porini amechukua miaka mingi kukua, na hapati wa kushika nafasi yake upesi.