Umeme na amri kwenye reli zilezile

Nina treni mbili za kuchezea kwenye njia moja. Nikiongeza umeme zote zinakimbia. Huo mfumo wa DCC, wa kuendesha treni za kuchezea kwa amri za kidijitali, unazitofautishaje? (Msomaji, Tororo)

Kwenye seti yako umeme wenyewe ndio amri: volti zikipanda, kila mota iliyo juu ya reli inaongeza mwendo. DCC, iliyotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kiwango na NMRA, chama cha wapenzi wa reli za modeli cha Marekani, haipandishi wala kushusha volti. Huziacha palepale, takriban 15 kwa modeli za ukubwa wa HO (1:87), kisha hubadilishana chanya na hasi kati ya reli mbili kwa kasi kubwa. Ujumbe umo katika muda wa mabadilishano hayo. Kila upande ukidumu mikrosekunde 58, hiyo ni tarakimu moja (1) ya lugha ya kompyuta. Ukidumu takriban 100, ni sifuri (0).

Ndani ya injini kuna dikoda, kisakiti kidogo kinachosoma mfululizo huo: anwani (namba ya injini) kwanza, kisha amri, mwisho baiti ya kuhakiki. Amri isiyo yake huipuuza. Umeme uleule huunyoosha, yaani huufanya uende upande mmoja, na kuulisha mota, na kwangu hapo ndipo penye uhondo, maana hakuna waya wa tatu wala redio.

Tahadhari moja: dikoda mpya kwa kawaida huja na anwani 3. Usipobadilisha anwani ya injini mojawapo, treni zako zitaendelea kufukuzana vilevile.

Injini inasitasita, taa zinapepesa. Dikoda imekufa? (Kampala)

Sidhani. Ipindue uangalie magurudumu. Ukiona ukanda mweusi, umempata mchawi. Yafute pamoja na reli kwa kitambaa chenye spiriti. Msasa uache kwa fundi seremala, mikwaruzo yake hushika uchafu zaidi.

Njia yangu inazunguka na kujirudia. Nikiunganisha tu, kila kitu kinazima. (Jinja)

Reli ya kushoto imekutana na ya kulia: shoti. Kata reli zote mbili kwenye kila mwisho wa kitanzi, kisha kitanzi ukilishe kupitia kigeuzi cha kujiendesha, kinachobadilisha chanya na hasi chenyewe. Kitanzi kiwe kirefu kuliko treni.

Je, treni zetu za kweli huamrishwa hivi? (Kasese)

Hapana, ni za dizeli na dereva yumo ndani. Ila reli kubeba habari ni jambo la zamani. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya saketi ya reli: magurudumu yakiunganisha reli mbili, mkondo haufiki kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na ishara inaonyesha hatari. Hata waya ukikatika, ishara ni hiyohiyo.