TSH Imeshuka, Lakini Sijisikii Mgonjwa

Swali: Nina miaka 34. Nilipimwa tezi ya shingo kwa sababu nywele zinakatika. TSH (homoni inayoiamuru tezi kufanya kazi) imetoka 0.05, chini ya kawaida, na T4 huru (homoni ya tezi yenyewe) iko juu. Daktari anataka nianze carbimazole (dawa ya kupunguza kazi ya tezi), lakini sitetemeki, moyo hauendi mbio, wala sijapungua uzito. Natumia vidonge vya nywele na kucha tu. Nifanyeje?

Jibu: Soma kibandiko cha hivyo vidonge. Ukikuta bayotini (vitamini B7) ya miligramu 5 au 10, mwambie daktari kabla hujameza carbimazole. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku. Miligramu 10 ni zaidi ya mara 300.

Mashine nyingi za maabara hutumia bayotini kama ndoano. Katika kupima TSH, kingamwili mbili huibana TSH katikati: moja ina bayotini, nyingine ina alama ya kutoa mwanga. Chembe za sumaku zilizopakwa streptavidini (protini inayoshika bayotini) huinasa hiyo bayotini, visivyonaswa huoshwa, kisha mwanga hupimwa. Damu ikijaa bayotini ya vidonge, hiyo huwahi nafasi kwenye chembe. TSH yako huoshwa, mwanga hupungua, na mashine huandika namba ndogo. T4 huru hupimwa kwa ushindani (homoni ya damu hugombea nafasi na ya maabara), ambako mwanga kidogo husomwa kuwa homoni nyingi. Ndiyo maana moja hushuka na nyingine hupanda, sawasawa na tezi iliyozidisha kazi! Hata kipimo cha kingamwili za ugonjwa wa Graves (kinga ya mwili huichochea tezi kupita kiasi) kinaweza kudanganywa vivyo hivyo, kwa hiyo usikikimbilie sasa.

Acha vidonge hivyo kwa siku 3 (2 ndiyo kiwango cha chini, mwenye figo dhaifu au anayetumia dozi kubwa zaidi husubiri zaidi), kisha rudia TSH na T4 huru. Iulize maabara kama kipimo chao kinatumia bayotini na streptavidini, maana si vyote. TSH ikibaki chini, tatizo ni la kweli, hata kama hujisikii vibaya. Hapo ndipo T3 (homoni nyingine ya tezi) na kingamwili zipimwe. Moyo ukianza kwenda mbio wakati unasubiri, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Swali: Natumia levothyroxine (T4 ya vidonge, kwa tezi isiyotoa homoni ya kutosha). Nifunge kabla ya kupima?

Jibu: Kufunga si lazima. Nenda asubuhi, utolewe damu kwanza, kidonge cha siku hiyo umeze baadaye; ukikimeza kabla, T4 huru hupanda kwa saa kadhaa. Dozi ikibadilishwa, subiri wiki 6 hadi 8, kwani TSH hufuata taratibu.