Fremu ya Mjini Tanga: Tembea Kwanza, Dalali Baadaye

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nasikia Tanga inapaa. Bandari imepanuliwa, bomba la mafuta linakuja. Dalali amenitumia picha za fremu ya duka mjini kati, anataka kodi ya mwaka mzima na juu yake kilemba, ile pesa ya kuachiwa fremu. Nilipe?"

Ujumbe ulinikuta ndiyo kwanza nimerudi kutoka huko huko Tanga, nilikwenda harusini. Na fremu mjini Tanga niliwahi kuwa nayo. Kwa hiyo nivumilie, jibu litakuwa refu.

Kwamba mji unabadilika, hilo sibishi. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukaletwa gatini kwa matishari. Sasa kina cha maji kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, na gati lina urefu wa mita 450. Malori utayaona mwenyewe. Boma la Wajerumani limekarabatiwa, limekuwa makumbusho. Ila ukiziangalia vizuri zile nyumba za ghorofa za enzi za mkonge, utakuta chini pamepakwa rangi ya kampuni ya simu, na juu, kwenye roshani ya mbao, dirisha limezibwa kwa bati na mche wa mbuyu umeota ufani.

Wageni wakiona uchakavu huo husema watu wa Tanga wavivu. Upuuzi. Bei ya mkonge iliporomoka miaka ya 1960 baada ya kamba za plastiki kuingia. Mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi zilishaondoka, kodi ilikuwa ya kutupwa, nani angekarabati? Mji wa namna hiyo unaamka jengo moja moja, na katikati linabaki gofu. Aliyekwambia unapaa ana fremu ya kupangisha.

Mimi niliingia pale barabara ikiwa mashimo matupu. Duka la steshenari na fotokopi, wateja wangu makarani na wanafunzi. Nikapiga dari, nikaweka vigae vyekundu, nikavuta umeme upya, vyote kwa pesa yangu. Ndipo ukaja mradi wa miji ya kimkakati, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia ulioanza 2010, na mtaa wetu ukachimbwa. Vumbi likaingia hadi kwenye wino. Mfereji ulikuwa wazi mlangoni, wateja wakivuka kwenye ubao, na ubao huo niliununua mimi. Majirani walifunga. Mimi sikufunga hata siku moja.

Lami ikakamilika, taa zikawaka. Mwenye nyumba, ambaye kipindi chote cha vumbi sikumwona, akaja amevaa kanzu imenyooka. Kodi mara mbili, au nipishe, mpwa wake anaitaka fremu. Mkataba ulikuwa umebakiza wiki mbili, alikuwa akizihesabu. Mpwa mwenyewe sijamtia machoni hadi leo, aliingia wakala wa pesa. Juzi nilipita hapo. Vigae ni vile vile vyangu, na kimoja kina pengo pale ilipoangukia mashine ya fotokopi. Kijana wa kaunta akaniuliza, "Mzee, unatoa au unaweka?"

Leo nina duka Morogoro, kwenye jengo langu, hakuna wa kunigongea mlango. Sisemi kwa kujisifu. Haya, kidogo.

Sasa wewe mdogo wangu, tembea. Usitazame picha za dalali, nenda kwa miguu. Saa tatu asubuhi mjini kati utaona watu, utashawishika. Rudi Ijumaa saa saba mchana, milango imefungwa watu wako msikitini. Rudi tena saa moja usiku: walinzi na paka. Halafu vuka reli uingie Ngamiani, zile barabara za namba, kuanzia ya kwanza hadi ya 21. Kule saa hiyo cherehani zinalia barazani, mihogo inakaangwa, bajaji hazipishani. Mabasi ya mikoani nayo yako Kange, si mjini. Machinga waliokuwa wakivuta watu mbele ya maduka walipangwa upya mwaka 2021, kama nchi nzima. Sensa ya 2012 ililikuta jiji na watu 270,000 na ushei, ya 2022 ikakuta karibu 400,000, lakini hao wapya wengi wanajenga pembezoni. Uliza wananunulia wapi daftari.

Vijana wa siku hizi mnapenda kuanzia pale penye bango. Bango si mteja! Mtu anasikia bomba la mafuta linaishia Chongoleani, kule pembezoni mwa jiji, anakimbilia kulipa kilemba katikati ya mji, kama vile mafuta yatapita dukani kwake kuchukua fotokopi. Fungua macho, omba Mungu, na tembea. Ukishatembea, tembea tena.

Kuhusu hiyo fremu yako: kama ni nyumba ya familia, nyingi pale ni za mirathi, kwa hiyo anayesaini mkataba akuoneshe barua ya usimamizi kutoka mahakamani, la sivyo utalipa kodi kwa kaka na dada atakuja kukutoa. Mkataba uwe wa miaka mitatu, na uandikwe kwamba ukarabati wako unakatwa kwenye kodi. Uliza mita ya LUKU ni yako peke yako au unachangia na mwenye saluni. Na choo kiko wapi, maana dalali hapigi picha ya choo.