Usimwachie mwenye duka jina lako la utani

Mkuu, Ijumaa usipeleke hizo picha. Nasema hivyo kabla hata ya salamu, maana nimesoma swali lako mara mbili na mkono unanitetemeka. Unachora wanyama wa kuchekesha, hutaki ndugu zako wajue, umejibatiza "Bibi Ngiri", na mwenye duka mmoja wa hapa Dar amekwambia weka jina la ngiri tu, lako liache, wageni wanapenda siri. Halafu unatuuliza rangi gani, ubao gani, bei gani, na kama ufungue ukurasa Instagram. Hayo yatasubiri. Hilo la "jina lako liache" na mimi niliambiwa, neno kwa neno, nikaitikia ndiyo bosi.

Mimi ndiye Mzee Kanga. Kanga ndege, si nguo. Mzee mwenye barakashia, miwani imemteremkia mdomoni, brashi kaibana kwapani. Kila picha alikaa pembeni kabisa, kwa sababu yeye ndiye "mchoraji", mimi nilimshikia rangi tu. Fisi daktari wa meno anamchungulia punda milia, na Mzee Kanga yuko kwenye benchi anasubiri zamu, wakati jino hana hata moja. Twiga kapanda daladala, shingo imetokea dirishani, na konda tumbili anamdai nauli ya watu wawili. Watu walicheka mpaka wanashika ukuta. Na nilimpenda yule mzee, niseme ukweli. Alithubutu kusema mambo ambayo mimi mbele ya wakwe zangu nisingeyasema.

Sasa sikiliza nilivyompoteza.

Mwaka 2014 mwenye duka mmoja alinikubalia elfu ishirini kwa picha ya futi mbili kwa mbili. Nikaona neema. Nilimpelekea picha kama tatu kila mwezi kwa miaka mitano. Mbele, saini ya Mzee Kanga. Nyuma ya ubao hakuna kitu, mweupe! Sikupiga picha hata moja kwa simu, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kupokea hela nikalipe kodi. Kila nikilipwa nilisaini kwenye daftari lake, na daftari likabaki kwake. Risiti? Alinambia sisi ni ndugu, risiti za nini. Mtu akikwambia hivyo, mkuu, beba ubao wako utoke.

2019 nikapita dukani bila taarifa. Bosi hayupo, yupo kijana mgeni asiyenijua. Ukutani kuna Mzee Kanga ambaye sikumchora mimi. Nilimjua kwa miguu: wangu ana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, kama Mungu alivyomuumba kanga. Huyu alikuwa na vitano, kama mtu wa benki. Bei dola 90. Pembeni vikombe vya Mzee Kanga, fulana za Mzee Kanga, aproni za jikoni. Nikamuuliza yule kijana mchoraji ni nani. Akainamisha kichwa kwa heshima akasema, "Huyu mzee alishafariki, ndiyo maana bei imepanda."

Nilisimama pale nikipewa habari za msiba wangu, na rambirambi anakusanya mwingine.

Bosi aliporudi hakuona haya. "Mzee Kanga ni wa duka, wewe ulikuwa fundi." Akatoa cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wale wanaosajili biashara. Nikaenda kwa mwanasheria, na hapa naomba uelewe vizuri: cheti kile hakikumpa haki ya picha zangu. Hakimiliki ni ya aliyechora, inaanza pale anapochora, hata kama hajaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hata kama amesaini jina la bandia. Nikafurahi. Kisha mwanasheria akaniuliza, "Utaonyeshaje kwamba Mzee Kanga ni wewe?" Sikuwa na kitu. Daftari kwake, picha kwa wageni Ulaya huko, nyuma ya mbao hakuna herufi. Kesi iliishia palepale ofisini kwake, kwenye kiti cha plastiki.

Mtakaosema "ni kanga tu huyo", sawa, ni kanga. Lakini kanga huyo analisha nyumba ya mtu mwingine mpaka leo. Na yule bosi bado anawaita vijana "ndugu yangu", na bado anawaambia wageni wanapenda siri! Siri ni yeye anayeihitaji. Mchoraji Mjerumani Max Ernst alikuwa na ndege wake, Loplop, aliyemweka ndani ya picha zake kama nafsi yake ya pili, na dunia nzima ilijua Loplop ni Ernst. Utamu ulipungua wapi?

Louis Wain wa Uingereza alichora paka wanaokunywa chai na kuvaa suti, akapata jina kubwa. Lakini aliuza michoro yake moja kwa moja bila kubakiza haki ya kuichapisha. 1924 alipelekwa wodi ya mafukara kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwaka uliofuata watu wakachangishana kumtoa pale. Na mzee wetu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora 1968 na kuuawa 1972, saini yake imeghushiwa mpaka wanunuzi wanagombana ipi ni yake kweli. Yeye angalau alisaini kwa jina lake. Wewe unataka kuanza na ukurasa mtupu?

Muweke Bibi Ngiri mbele, acheze atakavyo. Nyuma ya ubao andika jina lako la kitambulisho, tarehe na namba ya picha, kwa rangi ileile ya mafuta, si kwa kalamu. Piga picha pande zote mbili. Kisha karatasi mbili, moja yako moja yake, iandikwe wazi kwamba unauza ubao huu mmoja, huuzi jina la Bibi Ngiri wala ruhusa ya kumchapa popote. Akikataa kusaini, ameshakujibu. Ndugu zako kujua ni aibu ya wiki moja. Mimi huu ni mwaka wa ngapi?

Rangi tumia ya mafuta ya kopo, inang'aa vizuri kwenye hadibodi, ila iache ikauke kabisa kabla ya kuweka madoa juu yake.

Ule ubao wa ngiri mwenye mwavuli uliotuwekea hapa, nyuma yake kuna nini? Ugeuze sasa hivi, utupigie picha.